Kiinua Mgongo

Kabla hajagusa chombo chochote, mkubwa wa wabebaji aliulizia mlango. Hakuulizia mlango wa nyumba niliyokuwa natoka. Aliulizia ule wa nyumba niliyokuwa nakwenda, kule Nyaumata. Nikamwambia ni mlango wa kawaida tu. Akanitazama kwa upole, akasema milango yote ni ya kawaida mpaka kabati lifike. Akatoa mfukoni kamba nyembamba ya katani, akamwita kijana mdogo kuliko wote, akampandisha bodaboda. Hazikupita dakika ishirini kijana akarudi, na kamba ina mafundo mawili: la kwanza upana wa mlango wa mbele, la pili upana wa mlango wa chumba cha kulala. Mzee akailaza kamba juu ya kabati langu la mninga, akaivuta kutoka ukingo hadi ukingo, akaigeuza akapima kina chake, akanyamaza kidogo. Kabati litaingia kwa ubavu, akasema, ila mlango wa chumba ung'olewe bawaba kwanza. Akamtuma mtu akatafute bisibisi.

Nimehama mara nne maishani. Hii ya kutoka Somanda ndiyo mara ya kwanza niliyokaa nikatazama.

Somanda ni kata ya mjini Bariadi, penye hospitali na nyumba za kupanga zilizosogeleana. Tangu Simiyu imegwe kutoka Shinyanga Machi 2012 na Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa, watu hapa hawaishi kuhama. Muuguzi analetwa, mwalimu anapelekwa, karani anapata nyumba yenye maji ndani, mfanyabiashara anamaliza kupaua na kuingia kwake kabla hata ya madirisha. Vyombo vinakuja kwa Fuso kutoka Mwanza kupitia Magu na Lamadi, au kutoka Shinyanga kupitia Maswa. Vikifika mjini vinashushwa na watu walewale ambao juzi walikuwa wakishusha magunia ya mpunga, na ambao msimu wa pamba ukifunguliwa Mei utawakuta kwenye maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Hawana sare wala ofisi. Wana mkubwa wao, wana simu moja ya kupigiwa, na wana migongo.

Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na bado lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, zipo. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Wanaume hawa wanaishi katikati ya namba hizo mbili, na siku nyingine juu ya zote. Kwa hiyo nguvu wanazo, hilo si la kujadili. Lakini gunia husamehe. Ukilibwaga litatoa vumbi, basi. Kioo hakisamehi, wala mguu wa kitanda, wala mtungi wa udongo uliorithiwa. Aliyefuzu kubeba gunia anapoanza kuhamisha nyumba huwa kama anaingia darasa la kwanza upya, na wapo wenye nguvu nyingi wasiofuzu darasa hilo hata siku moja.

Bei ya kuhama kwetu hukadiriwa kwa safari: kutoka wapi hadi wapi? Somanda hadi Nyaumata ni mwendo mfupi kwa Canter, ndiyo maana mwenye vyombo hudhani anaagiza kazi ndogo. Lakini barabara haibebi kabati. Kazi yote iko mlangoni, na iko mara mbili, kwenye mlango wa kutokea na kwenye mlango wa kuingilia. Ukienda Nyaumata au ukienda Musoma, milango ni ileile miwili.

Asubuhi ile palitokea ubishi mdogo uani. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Maswa siku mbili kabla, na tangu alfajiri alikuwa ameinjika uji wa mtama kwenye sufuria yangu kubwa kuliko zote, ile ambayo kwa mpango wangu ilitakiwa iwe imeshafungwa. Jirani yangu, mpangaji mwenzangu na mtu mwema, akaniita pembeni. Bei si mmeshakubaliana? Hela yao si utawapa? Sasa chakula cha nini? Akaongeza jambo lililonigusa: ukiwalisha wewe leo, kesho atahama mama wa chumba kimoja asiye na kitu, naye ataonekana mchoyo. Mama alisikia. Hakuijibu hoja. Aliuliza tu, "Wamekunywa nini tangu waamke?" Hakuna aliyejua. Akachukua vikombe.

Walikunywa wamesimama, haraka, kila mmoja kikombe kimoja. Wakarudisha vikombe kwa mikono miwili. "Wabeja, mayu," asante, mama. Kazi ikaanza.

Nataka kusimulia lile kabati lilivyotoka, hatua kwa hatua, maana hapo ndipo hoja ya jirani ilipoanza kunitoka moyoni bila mtu kunishawishi.

Ni kabati la milango mitatu, na mlango wa kati una kioo. Fundi aliyelitengeneza hakubania mbao. Kwanza walitoa droo na rafu, kila moja ikaandikwa kwa chaki namba ya mahali pake. Kisha mzee akaomba khanga kuukuu, akaipitisha kati ya kioo na mlango wa pili ili visisuguane, akafunga milango yote kwa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Kamba ingekwaruza rangi, mpira haukwaruzi. Baadaye alilisukuma kabati kwa viganja viwili, kidogo sana, kama mtu anayejaribu mlango wa chumba alimolala mtoto. Likainama unywele, likarudi. Akalisukuma kwa upande mwingine. Alikuwa anatafuta uzito umekaa wapi. Akasema umekaa chini, upande wa kushoto, na hapohapo akapanga watu: wawili chini kushoto, mmoja kulia, mmoja juu wa kushikilia tu, asiinue.

Walivua kandambili. Nikafikiri ni heshima ya kutochafua sakafu, nikataka kuwaambia wasijali. Kumbe mguu mtupu unaiona sakafu. Anayebeba kitu kilichoziba macho yake hujua kwa nyayo kwamba sasa ni saruji, sasa ni kizingiti, sasa ni udongo wa uani.

Ishara ya kuinua ilikuwa moja, na haikupigiwa kelele. Mzee alivuta pumzi wakaisikia, wakavuta wote, na walipoitoa kabati lilikuwa limeshaondoka chini. Kuanzia hapo walizungumza kwa maneno mawili tu, "kwako" na "kwangu". Kwako maana yake legeza upande wako, kwangu maana yake ninavuta mimi. Kwa maneno hayo mawili walilizungusha lile kabati ndani ya chumba ambacho mimi mwenyewe kupita na beseni hujikwaa. Yule anayekwenda kinyumenyume hakugeuka hata mara moja kutazama nyuma. Nilimwona macho yake. Yalikuwa usoni mwa mwenzake aliyemkabili, na ndani ya uso ule alisoma kila kitu kilicho mgongoni kwake: ukuta umekaribia, pinda, ngazi hiyo. Wamefanya kazi pamoja miaka mingapi hata uso wa mmoja ukawa kisogo cha mwingine?

Barazani kuna ngazi tatu za kushuka. Hapo wakatua, wakabadilishana nafasi, na yule mrefu akatangulia chini ili mzigo usiinamie upande. Na jinsi walivyotua! Mtu yeyote ana uwezo wa kuinua kitu akakiachia. Hawa walitanguliza vipande viwili vya mti sakafuni, wakalikalisha kabati juu yake, ndipo vidole vikapata nafasi ya kutoka kimoja kimoja. Sikusikia kishindo. Kitasa cha mlango wa kati, ambacho kimekuwa kikigonga kila nikipita karibu, hakikugonga.

Wasukuma wanajua kazi ya pamoja ina mdundo wake, ndiyo maana bugobogobo huchezwa kwa majembe na ngoma. Nilidhani kubeba pia kutakuwa na wimbo. Hakukuwa na wimbo, kulikuwa na pumzi tu. Walipumua kwa zamu na kwa pamoja kama wachezaji waliokwisha kuzoeana, na mimi nikiwa na daftari langu la kuhesabu mizigo mkononi nikajikuta nimeacha kuhesabu.

Kwenye gari alikuwepo utingo, na huyu ana elimu yake peke yake. Alipanga kuanzia nyuma ya kibanda cha dereva: kabati likiwa limesimama, friji limesimama karibu yake, katikati yao godoro likiwa ukuta wa kupokea misukosuko. Mbao za kitanda zikaingia ubavuni. Sofa ilisimamishwa kwa kichwa, na ndani ya tumbo lake vikaingia ndoo, ndani ya ndoo masufuria, ndani ya masufuria vikombe vilivyoviringishwa kwenye taulo. Hakuacha upenyo. Alisema chombo hakivunjwi na barabara, kinavunjwa na nafasi. Televisheni alikataa kuilaza, akaisimamisha kati ya mablanketi na kuikabidhi kwa kijana mdogo aiegemee safari nzima. Turubai likafuata, kamba zikafuata, na kila fundo lilikuwa la kufunguka kwa mvuto mmoja.

Vitu vichache vilibaki chini. Mzee akanijia. "Mayu, usiku wa leo mtahitaji nini?"

Sikulielewa swali. Akafafanua: kinachoingia mwisho ndicho kitakachotoka mwanzo. Nikafikiri, nikataja chandarua, jiko, taa, ndoo ya maji, sufuria ya ugali, unga, dawa za mama. Vikapakiwa mwisho, karibu na mlango wa bodi, vyote pamoja. Katika kuhama kwangu kote hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, na kila mara nimelala usiku wa kwanza nikitafuta kiberiti gizani.

Lazima niseme habari ya Mwanza, maana ndiyo iliyonifanya nitazame. Miaka mingi iliyopita nilihama kule kutoka mtaa mmoja wa mlimani kwenda mwingine. Niliajiri vijana watatu pale kituoni, nikapatana nao mpaka wakashuka chini kabisa, kisha siku nzima nikasimama mlangoni kama mlinzi, nikihesabu kila kinachotoka kwa kuogopa kuibiwa. Jua lilikuwa kali. Walipanda na kushuka kwenye mawe yale tangu asubuhi hadi alasiri. Sikuwapa hata maji. Sikuwanyima kwa makusudi, haikunijia tu kwamba wana koo. Kuelekea saa tisa mmoja wao, mkono umelegea, alidondosha mtungi wa bibi yangu, ule uliotoka naye kwao ukapita mikono ya mama ukafika kwangu. Ukavunjika vipande. Nikamkata hela. Alizipokea zilizobaki bila kusema neno, akaenda. Nimeulilia mtungi ule kwa muda mrefu, na ilinichukua miaka kuelewa kwamba mkono uliouangusha ulikuwa umefanya kazi saa nane bila tone la maji, na kwamba maji yalikuwa hatua tano kutoka pale, kwenye ndoo yangu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huku kwetu penye jineri tunajua zaidi: hata pamba, ikishindiliwa ikawa robota, haibebwi na mtu mmoja.

Lugha yetu yenyewe inawakumbuka wabebaji kuliko sisi tunavyowakumbuka. Karne ya 19, misafara ilipokuwa ikipita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, waliosifika kwa upagazi walikuwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, na juu ya huo kila mtu alibeba mkeka wake, chungu chake na akiba yake. Robota la nguo lililofungwa kwa ajili ya bega la mpagazi liliitwa mtumba. Leo mtumba umehamia kwenye magauni na makoti, lakini kwanza ulikuwa begani. Na kile alichopewa mpagazi cha kula kila siku, kwa kawaida kibaba cha nafaka au kitambaa na shanga za kununulia kibaba hicho, ndicho kilichoitwa posho. Posho haikutolewa ndani ya ujira. Ilikuwa kando yake, na ilitolewa kwa siku, kwa sababu mzigo hubebwa kwa siku. Kiongozi wa msafara aliyebana posho aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wabebaji wameondoka. Hawakuhesabu posho kuwa hisani, walihesabu kuwa ni sehemu ya kazi kama njia ilivyo sehemu ya safari.

Mtumishi wa leo akihamishwa kikazi hudai posho ya usumbufu, na ana haki kabisa ya kuidai. Neno analolitumia limetoka kwenye safari za miguu za watu waliobeba mizigo ya wengine.

Ilipokuja Vita ya Kwanza ya Dunia, somo hilo lilisahauliwa, na watu wakafa. Waingereza waliwakusanya mamia ya maelfu ya Waafrika kuwabebea majeshi, kwenye kikosi cha Carrier Corps kilichotuachia jina la Kariakoo pale Dar es Salaam. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa maradhi na kwa chakula: unga wa mahindi waliopewa watu wasiouzoea, ukapikwa bila kuiva, ukaharibu matumbo, na mwili uliodhoofika ukabebeshwa tena kesho yake. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe waliofariki walizidi 40,000. Kila ninaposikia mtu akiuliza kama kumlisha mbebaji ni lazima, huwa nawakumbuka.

Halafu kuna lile neno zuri kuliko yote. Aliyefanyiwa kazi alikuwa akitoa zawadi mwishoni, kando ya ujira, na zawadi hiyo ikaitwa kiinua mgongo. Siku hizi tunalisikia kwenye mambo ya kustaafu na mafao, likiwa limevaa suti. Lakini lisikilize upya. Ni kitu cha kuuinua mgongo ulioinama. Aliyelitunga alimwona mtu akiinama juu ya mzigo, akaona pia ile dakika mzigo unapotua na mtu anaponyooka, akashika kiuno, akatazama juu. Zawadi inaingia katika dakika hiyo, ili mtu anyooke nayo. Tunasema pia "ya soda", "ya maji", "ya sabuni", na yote ni majina ya adabu, kila moja likitaja kitu ambacho mwili umekipoteza kazini. Ila kwa siku ya kuhama hakuna jina linalokaa sawasawa kama hilo la zamani.

Tulifika Nyaumata mchana, au niseme gari lilifika karibu na Nyaumata yetu. Nyumba iko ng'ambo ya kipande cha mbuga, ule udongo mweusi ambao Wasukuma wameutofautisha na luseni ya kichanga vizazi na vizazi, na usiku wa jana yake ilikuwa imenyesha. Canter ikazamisha gurudumu la mbele, dereva akarudi nyuma. Mlangoni palibaki hatua mia mbili hivi. Nilijua hilo halikuwa katika bei. Mzee naye alijua. Alishuka, akatembea njia nzima peke yake akikanyaga huku na huku, akarudi na kuvunja matawi makavu, akayachomeka kwenye tope kuonyesha pa kupita. Hakusema chochote kuhusu hela.

Hapo niliona ngata kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Kijana alisokota khanga yangu nyingine, akaiviringisha, akaiweka kichwani, na juu yake likapanda sanduku la vitabu. Vitabu ni mzigo mbaya, ni vizito na vina pembe. Alitembea na sanduku lile bila kulishika, mikono imetulia, shingo imesimama kama nguzo ya baraza, na magoti ndiyo yaliyokuwa yakifanya kazi ya kusawazisha. Tope lilikuwa likimvuta mguu, goti likameza mvuto wote, kichwani hakuna kilichotikisika. Friji lilibebwa na watu watatu, mmoja akipokelewa zamu na wa nne kila baada ya hatua hamsini. Mahali pamoja ilibidi lilale kidogo ili kupita chini ya tawi la mwembe, na nikamwona mzee anakunja uso, kama aliyeonewa. Kabati likaja mwisho. Mlango wa chumba ulikuwa umeshang'olewa bawaba na umeegemezwa ukutani. Likaingia kwa ubavu, likabakiza kila upande nafasi ya unene wa kidole. Kamba haikusema uongo.

Walipomaliza kuunga kitanda, mama alikuwa ameshamaliza kupika. Mafiga matatu aliyapanga nje mara tu sufuria na unga viliposhushwa, ambavyo vilishushwa kwanza kwa sababu vilipakiwa mwisho. Alisonga ugali wa dona. Kulikuwa na dagaa wa ziwani waliokaangwa kwa nyanya na pilipili, maharage, na matobolwa aliyokuja nayo kutoka Maswa kwenye kikapu, ya kunywea chai baadaye.

Nimewaza sana juu ya wakati wa chakula hiki, na nadhani mama alikuwa sahihi bila kueleza: uji mwepesi kabla, maji katikati bila kungoja kuombwa, chakula kizito baada ya mzigo wa mwisho kutua. Tumbo lililoshiba halipandi ngazi na kabati. Pombe kamwe, hata wakiitaja wenyewe. Na mtu akiwa amefunga, fungasha chakula chake au mpe ya futari mkononi. Halafu kuna namna ya kukaa. Nimeona mahali wabebaji wakipewa chakula nyuma ya nyumba, kwenye mfuniko wa ndoo, wakati wenye nyumba wakila ndani. Mama alitandika mkeka barazani. Aliwamiminia maji ya kunawa yeye mwenyewe, kwa jagi, kuanzia kwa yule mdogo, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Mkubwa wao alinawa wa mwisho na akala wa mwisho, akiangalia kwanza kama kila mmoja amefika kwenye sinia.

Wakati wanakula nilimuuliza mama kwa nini aliuliza lile swali asubuhi, la walikunywa nini. Akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, alikuwa msichana mdogo, nyumba yao ikatakiwa ihame. Vyombo vilikwenda kwa mkokoteni wa ng'ombe, na miti ya paa ikabebwa mabegani na vijana wa jirani, maana miti ilikuwa adimu na mtu hakuacha miti yake. Bibi yangu hakuwa na hela ya kumpa yeyote. Alipika michembe yote iliyokuwa kwenye ghala. Vijana wakala, wakarudi kuchukua miti iliyobaki. Kwa watu wale hakukuwa na ajabu yoyote: kijana aliyeitwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana, kwenda kulima shamba la mtu alijua atalishwa huko, na mwenye shamba alijua hilo kabla hajaomba.

Nikapata jibu la kumpa jirani yangu. Yule mama wa chumba kimoja hataonekana mchoyo. Atachemsha muhogo. Atatoa maji ya mtungini kwenye kopo safi. Kinachoaibisha ni kumtazama mtu akitoka jasho kwa ajili yako ukanyamaza, na hilo halihitaji utajiri kuliepuka. Jambo moja tu naliona ni dhambi kabisa, nalo ni kulisha kwa mkono mmoja na kupunguza kwa mwingine: kumpa mtu sahani ya pilau halafu ukamkata kwenye mapatano. Ugali si ujira. Waislamu hufundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na fundisho hilo linahusu malipo yenyewe. Chakula kina mahali pake, ujira una mahali pake, kiinua mgongo kina mahali pake.

Nililipa kwanza mapatano yote, yakahesabiwa mbele ya wote. Kisha zile hatua mia mbili za mbuga, ambazo nilizitaja mwenyewe kwa kuwa yeye hakuzitaja. Hizo nazo ni deni, haziingii kwenye zawadi. Ndipo nikatoa ya tatu, kila mtu mkononi mwake, sawasawa kwa mdogo na kwa mkubwa, utingo na dereva wakiwemo: kadiri ya sahani ya chakula kwa mama lishe na soda baridi juu yake. Kipimo hicho nimekichagua kwa sababu mtu yeyote anakijua bila kikokotoo, na mji ukipanda bei nacho kinapanda. Sikumpa mkubwa zote agawe. Si kwamba simwamini. Nilitaka kila mgongo upokee wa kwake.

Mzee alizipokea kwa mikono miwili, akazikunja bila kuzihesabu. Tukaagana. Walikuwa wameshafika kwenye yale matawi makavu njiani alipogeuka akarudi peke yake, mbio kidogo, miguu imejaa tope.

"Mayu, friji lililala pale chini ya mwembe. Usiliwashe leo. Mafuta yake yarudi chini kwanza. Kesho asubuhi."

Nikamshukuru, nikaingia ndani. Waya wa friji ulikuwa umeshazungushwa na kufungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu, na fundo limewekwa juu kabisa, mahali ambapo mikono ya watoto haifiki.